Mwanga hauna masi na bado unasukuma. Wacheni kutufunza p = mv kama amri

Wacha niseme mapema ndio wenye kukasirika waanze mapema: momentamu si masi mara velositi.

Najua umeimba hivyo tangu kidato cha tatu. Najua iko kwa kitabu, ndani ya boksi, imepakwa rangi ndio ujue ni muhimu. Najua ukiandika hivyo kwa mtihani unapata alama. Bado nasema. p = mv ni njia moja ya kuhesabu momentamu, na ni ya vitu vyenye masi ambavyo vinaenda polepole ukilinganisha na mwanga. Si maana ya momentamu. Na kwa sababu tumefunzwa njia kana kwamba ndiyo maana, leo ukimwambia mtu aliyepata A ya fizikia kwamba mwanga unasukuma vitu, anakucheka.

Na mwanga unasukuma vitu. Hayo si maoni yangu. Ilipimwa kwa maabara zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kila nikigusia hii mada najibiwa na watu wa aina tatu. Leo nawajibu wote, kila mmoja na haki yake.

Wa kwanza ni watu wa sifuri. Hawa hoja yao ni fupi: fotoni, yaani chembe ya mwanga, haina masi. Sifuri mara chochote ni sifuri. Kwa hivyo momentamu yake ni sifuri, habari kwisha, twende kwa mada ingine.

Wa pili ni watu wa E = mc². Hawa wamesoma kidogo zaidi, na wanajua mwanga una kawi. Wanasema: kama una kawi, basi kwa E = mc² lazima uwe na masi, ni vile ni kidogo sana. Wanakaa werevu, lakini wameingia shimo lile lile kwa mlango wa nyuma. Ndio p = mv isianguke, wameupa mwanga masi ambayo hauna.

Wa tatu ndio wananiudhi kabisa. Hawasemi ni kweli, hawasemi ni uongo. Wanasema: "Hiyo haiko kwa silabasi."

Tuanze na watu wa sifuri.

Rafiki zangu, hesabu yenu iko sawa. Shida ni fomula mliyochukua. Kuna msee amekaa Nairobi wiki moja, kila siku anapanda matatu saa nne asubuhi na kulipa 50. Anarudi ushago anaambia watu, "Nauli maana yake ni shilingi hamsini." Alafu siku mvua inanyesha saa kumi na mbili jioni, konda anaitisha 100, na huyu msee anabishana: haiwezekani, nauli ni hamsini! Konda hajavunja maana ya nauli. Nauli ni kile unalipa ndio ubebwe. Hamsini ilikuwa tu bei ya saa nne asubuhi bila mvua.

p = mv ni bei ya saa nne asubuhi. Inafanya kazi vizuri sana kwa mpira, kwa lori la mchanga, kwa risasi, hata kwa roketi. Fotoni ni mvua ya jioni.

Sasa momentamu yenyewe ni nini? Ni ile hesabu ya mwendo ambayo jumla yake haibadiliki vitu vikigongana, mradi hakuna kitu cha nje kinachoingilia. Kimoja kikipoteza, kingine kinapata, na ukijumlisha unapata kile kile ulichoanza nacho. Ina kiasi na ina upande inakoelekea. Basi. Hapo sijataja masi hata mara moja. Masi inaingia baadaye, ukitaka kujua lori lina momentamu kiasi gani.

Na hapa Kenya sisi ndio watu wa mwisho duniani wa kusema kitu hakiwezi kubeba thamani bila kuwa na uzito. Salio lako la M-Pesa lina gramu ngapi? Zamani pesa ilikuwa sarafu na noti, kitu unashika. Mtu angeweza kusema pesa ni idadi ya sarafu mara thamani ya kila sarafu, na kwa sarafu angekuwa sawa. Alafu 2007 ikafika, na saa hii unamtumia mama mboga 200 bila sarafu hata moja kusonga. Kwako imetoka, kwake imeingia, hesabu inafungana. (Ile ada ya kutuma tuiache, hiyo nitaiandikia siku yake.) Hakuna mtu anasimama kwa kibanda akisema, "Sarafu ni sifuri, kwa hivyo umelipa sifuri."

Lori linabeba momentamu kwa sarafu. Mwanga unabeba kwa simu. Mfano ni mfano tu, hauwezi kuwa ushahidi, na ushahidi unakuja. Nilitaka kwanza uone kwamba sentensi "haina masi lakini ina momentamu" haina kichekesho ndani yake.

Twende kwa watu wa pili. Ile E = mc² mnayoipenda, ile iko kwa tisheti, imekatwa. Nzima yake ni hii:

E² = (pc)² + (mc²)²

E ni kawi, p ni momentamu, m ni masi, na c ni kasi ya mwanga, kilomita karibu 300,000 kwa sekunde. Haitaki digrii. Iangalie tu kama pembetatu ya Pythagoras: upande mmoja ni momentamu, upande mwingine ni masi, na ule mrefu ni kawi.

Chukua kitu kimetulia, hakisongi. Momentamu yake ni sifuri, upande mmoja unapotea, unabaki na E = mc². Kumbe ile ya tisheti ni ya vitu vilivyotulia! Sasa niambie ni lini umewahi kukuta mwanga umetulia. Hautulii. Ukiusimamisha umeumeza, na hakuna fotoni tena. Kwa hivyo kuchukua fomula ya kitu kilichotulia na kuitumia kwa kitu ambacho hakiwezi kutulia ni kama kupima mbio za Kipchoge akiwa amelala.

Chukua sasa fotoni. Masi ni sifuri, upande ule mwingine ndio unapotea. Unabaki na E = pc. Geuza: p = E/c. Momentamu ya mwanga ni kawi yake gawa kwa kasi yake. Hakuna masi ya kuficha popote. Na ukichukua kitu chenye masi, kinachoenda polepole, ukifanya hesabu yote hadi mwisho, p inarudi kuwa mv. Fomula yako ya kidato cha tatu haijafutwa. Imepewa kiti chake, na kiti chake kiko pembeni.

Sasa ushahidi, ju najua kuna mtu anasema fomula anaweza kuandika yeyote.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa juu angani na watu wakauona kwa macho. Nyota zenye mkia, zile kometi, mkia wake hauburutwi nyuma kama moshi wa lori. Unaelekea upande ulio mbali na Jua, hata kometi ikiwa inaondoka kwa Jua. Yaani wakati mwingine mkia unatangulia mbele. Mwaka 1619 Johannes Kepler alieleza kwamba miale ya Jua ndiyo inasukuma mkia. Leo tunajua kuna mikia miwili: wa gesi yenye chaji unapeperushwa na chembe zinazotoka kwa Jua, na wa vumbi unasukumwa na mwanga wenyewe. Huyo mzee alikuwa ameona kitu.

Ushahidi wa pili: 1873, James Clerk Maxwell, yule wa Scotland wa mawimbi ya umeme na sumaku, alionyesha kwa hesabu kwamba mwanga lazima uwe na mgandamizo juu ya kitu unachopiga. Angalia mwaka. Einstein alikuwa hajazaliwa. Neno fotoni halikuwepo. Mwanga ulikuwa wimbi tu, na bado ulikuwa na momentamu. Kwa hivyo wale wanasema hii ni "mambo ya kwantamu, si ya shule", hapana. Inaanzia kwa umeme na sumaku wa kawaida.

Inafanyikaje? Mwanga ni umeme na sumaku vinavyosafiri pamoja. Ukipiga bati, sehemu ya umeme inazitikisa elektroni za bati upande kwa upande. Elektroni inayosonga ni kama mkondo wa umeme, na ukisoma kidato cha pili unajua waya wenye mkondo ukiwa ndani ya sumaku unasukumwa. Basi sehemu ya sumaku ya mwanga inazisukuma hizo elektroni, na ukijumlisha yote, msukumo unaelekea mbele, kule mwanga ulikuwa unaenda. Elektroni ziko ndani ya bati, kwa hivyo bati lote linasukumwa. Ni ile kani ya mota, hakuna uchawi.

Ushahidi wa tatu ndio mzuri zaidi kwa sababu una onyo ndani. Katika miaka hiyo hiyo ya 1870, William Crookes wa Uingereza alitengeneza kikopo cha glasi chenye vibawa vidogo, upande mmoja mweusi na mwingine wa kung'aa. Ukimulika, vinazunguka. Watu wakashangilia: mwanga unasukuma! Lakini vilikuwa vinazunguka upande mbaya. Mwanga ukirudishwa na kioo unasukuma mara mbili kuliko ukimezwa na rangi nyeusi, kwa hivyo upande wa kung'aa ndio ungesukumwa zaidi. Kule kwa Crookes upande mweusi ndio ulikuwa unarudi nyuma. Ilikuwa ni gesi iliyobaki ndani, inapashwa joto na upande mweusi. Kwa hivyo ukiona video ya hicho kitu mtandaoni na mtu anakwambia "hii ndio nguvu ya mwanga", anakudanganya.

Aliyepima kweli ni Pyotr Lebedev, Moscow. Alitundika vibawa vyembamba sana kwa uzi, akatoa hewa kadiri alivyoweza, akachukua tahadhari zote ndio joto la gesi lisimharibie, akamulika, akapima uzi unavyojipinda. Alichapisha 1901. Marekani, Nichols na Hull walikuwa wanafanya kazi hiyo hiyo, wakachapisha mwaka huo huo, na 1903 wakaleta vipimo vizuri zaidi. Majibu yalikubaliana na Maxwell.

Na wa nne: 1923, Arthur Compton alipiga elektroni za grafaiti kwa eksirei. Eksirei ni mwanga pia, ni vile tu kawi yake ni kubwa kuliko ya ule tunaona kwa macho. Akakuta eksirei zinazoruka pembeni zimepungukiwa kawi, na zimepungukiwa kulingana na pembe ziliyorukia, kiasi kile kile unachopata ukihesabu kama mipira miwili ya pool ikigongana: fotoni inampa elektroni sehemu ya momentamu yake, yenyewe inaenda na iliyobaki. Mpira mmoja hauna masi, na kitabu cha hesabu kinafungana. 1927 alipewa Nobel.

Sasa swali la haki: kama mwanga unasukuma, mbona nikitoka nje saa sita mchana sianguki?

Kwa sababu ni kidogo sana, na hapa ndipo p = E/c inaonyesha kazi yake. Unagawa kwa c, na c ni namba kubwa kupindukia. Huko juu angani, nje ya hewa, kila mita mraba inayoangalia Jua inapokea wati 1,361 hivi. Gawa kwa mita 300,000,000 kwa sekunde: unapata nyutoni 0.0000045. Ikiwa ni kioo kinachorudisha mwanga wote, mara mbili: 0.000009. Hiyo ni chini ya uzito wa mbu mmoja, kwa mita mraba nzima. Tochi ya wati moja ya mwanga inakusukuma kwa nyutoni 0.0000000033. Fotoni moja ya kijani? Andika nukta, andika sifuri 26, ndio ufike kwa namba ya kwanza.

Lakini kidogo si sifuri, na hapo ndipo ugomvi wangu wote uko. Jumlisha Dunia nzima: mwanga wa Jua unaisukuma kwa nguvu kama uzito wa karibu tani 60,000. Dunia ni kubwa mno, haijali. Setilaiti inajali.

Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,000 na kitu. Kule hakuna hewa ya kuzikwaruza. Ukiacha mvuto wa Dunia, Mwezi na Jua, kinachozisukuma kuliko kitu kingine chochote ni mwanga wa Jua. Ukiupuuza huo msukumo siku moja tu, hesabu yako ya pale setilaiti ilipo inaweza kukosea kwa mamia ya mita. Kwa hivyo wanaoziongoza wanauweka ndani ya hesabu kila siku. Mtu wa boda anayekuletea chipsi kwa kufuata ramani ya simu anategemea momentamu ya kitu kisicho na masi. Sema sifuri mara c ni sifuri alafu uone chakula kitafika kwa nani.

Wajapani walienda mbele zaidi. 2010 walirusha chombo kinaitwa IKAROS, chenye tanga la mraba, kutoka kona hadi kona mita 20, jembamba kuliko unywele. Wakapima msukumo wa mwanga juu yake: nyutoni 0.0011 hivi. Kidogo, lakini hauishi na haunywi mafuta. 2019 LightSail 2 ya Wamarekani ikafungua tanga lake la mita mraba 32 ikizunguka Dunia na kubadilisha njia yake kwa mwanga peke yake. 2018 Arthur Ashkin alipewa Nobel akiwa na miaka 96, kwa kushika vitu vidogo kama bakteria kwa miale ya leza, bila kuvigusa. Kama mwanga hauna momentamu, hawa wote walikuwa wanashika nini?

Na usidhani ni mambo ya watu wa mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta eksirei za angani tu. Ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa lilikuwa la Waitaliano, lakini ilirushwa siku yetu ya uhuru, kwa hivyo wakaiita Uhuru. Iligundua nyota zinazonyonya gesi kutoka kwa nyota jirani, na gesi ikianguka inawaka kwa eksirei. Sasa: ukitaka kujua nyota kama hiyo inaweza kunyonya kwa kasi gani, lazima uhesabu momentamu ya mwanga, kwa sababu mwanga unaotoka unasukuma nyuma gesi inayoingia. Ukizidi kiasi fulani, gesi inakataa kuingia. Kiasi hicho kinaitwa kwa jina la Arthur Eddington. Setilaiti ilirushwa Pwani yetu, na jina lake ni neno letu. Kwa nini mtoto wa Malindi anamaliza shule akiwa hajaambiwa?

Hapo ndipo nafika kwa watu wa tatu. "Hiyo haiko kwa silabasi."

Niwaonyeshe silabasi, ju mimi nimeisoma. Kidato cha tatu, sheria za Newton: momentamu ni masi mara velositi. Kidato cha nne, mada ya fotoelektriki: mwanga unakuja kwa vifurushi, kila kimoja kina kawi E = hf. Kidato cha nne hicho hicho kuna eksirei. Gawa E = hf kwa c, na hapo una momentamu ya fotoni. Mstari mmoja! Mtoto ana kila kipande mkononi. Tunampa gurudumu, tunampa spoki, tunampa tairi, alafu akiuliza kama hii inaweza kuwa baiskeli tunamwambia baiskeli haiko kwa mtihani.

Na wanaouliza wako. Darasani kwetu kulikuwa na msichana aliyeinua mkono akauliza: kama mwanga una kawi, na kitu chenye kawi kinaweza kugonga, mbona momentamu yake iwe sifuri? Hilo ni swali ambalo lingempa kiti kwa maabara yoyote. Aliambiwa aache kupotezea wenzake muda. Darasa likacheka. Sikumsikia akiuliza swali lingine hadi tukamaliza. Alichojifunza siku hiyo hakikuwa fizikia. Alijifunza kwamba fomula ikigongana na akili yako, wewe ndio unafaa kunyamaza.

Kila mwaka tunashangaa mbona wanafunzi wengi wanatupa fizikia pale wanaporuhusiwa kuchagua. Tunasema ni ngumu, tunasema vijana wa siku hizi ni simu tu. Mimi nasema mtu akifunzwa somo kama orodha ya amri ambazo haziulizwi, ana haki ya kulikimbia. Dini anayo tayari.

Najua jibu la walimu, na ni jibu la ukweli. Darasa lina watoto sitini. Maabara ina mizani moja na imeharibika. Silabasi lazima iishe kabla ya mtihani wa majaribio. Mkuu anataka wastani upande. Mwalimu anafundisha kwa hali hiyo na bado anaonekana hafanyi kazi. Nakubali yote hayo, na sibishani na mwalimu aliyechoka.

Lakini kile ninachoitisha hakihitaji maabara, hakihitaji vitabu vipya vya bei mbaya, hakihitaji hata dakika tano. Nataka sentensi moja. Baada ya kuandika p = mv ubaoni, sema: "Hii ni ya vitu vyenye masi, vinavyoenda polepole kuliko mwanga. Mwanga pia una momentamu, na ile yake inahesabiwa kwa njia nyingine." Kwisha. Endelea na mifano yako ya lori na gari dogo. Kidato cha nne, ukifika kwa E = hf, ongeza mstari: gawa kwa c. Umemaliza.

Hiyo sentensi haimchanganyi mtoto. Kinachomchanganya ni kuambiwa uongo akiwa na miaka 16 alafu aambiwe ukweli akiwa na 20 kama ana bahati ya kufika huko. Na wengi hawafiki. Mimi nilifika na nikatoka mwaka wa pili, hilo halijawahi kuwa siri hapa. Kwa hivyo yule amejiandaa kuandika "si uliacha chuo, utatuambia nini", nimekurahisishia. Usiniamini mimi. Amini Lebedev na uzi wake. Chukua kikokotoo, gawa 1,361 kwa 300,000,000, uone kama namba itauliza nani alimaliza digrii.

Saa hii 8-4-4 inaaga, sekondari ya juu ya CBE imeingia, na kila mtu anaimba ati mtoto hatakremu tena, ataelewa. Sawa. Hapa ndipo tutawapima. Mkibadilisha jina la darasa na rangi ya kitabu, na ndani bado kuna boksi linasema momentamu ni masi mara velositi bila neno lingine, hakuna kitu mmebadilisha.

Kama wewe ni mwanafunzi, kesho uliza hilo swali. Uliza kwa heshima, lakini uliza, na ukiambiwa haliko kwa silabasi, jibu kwamba E = hf iko, na kugawanya kulifunzwa darasa la tatu. Kama wewe ni mwalimu na unasema hiyo sentensi tayari, heshima yako, na waambie wenzako kwa stafurumu. Na kama bado unadhani nimedanganya, komenti ziko wazi. Leta hesabu. Matusi ninayo ya kutosha.